Wakali sita lakini timu inapigwa: usawa wa timu ya Pokémon unajengwaje?

mpigaji_mpya

Wakuu, habari zenu. Naomba mnisaidie kuipanga upya timu hii. Ni mtindo wa mmoja dhidi ya mmoja, Pokémon sita kila upande, leveli 100, kizazi cha 9 (Scarlet na Violet), kwenye Pokémon Showdown (tovuti ya kucheza mechi hizi). Baada ya kila jina ni kifaa alichovaa.

Dragonite, Choice Band
Garchomp, Life Orb
Gyarados, Leftovers, ana Dragon Dance (hupandisha nguvu na kasi)
Charizard, Choice Specs
Volcarona, Life Orb, ana Quiver Dance
Dragapult, Choice Specs

EV (pointi za ziada unazogawa kwenye takwimu) za wote ni 252 kwenye nguvu, 252 kwenye kasi, na 4 zilizobaki kwenye uhai. Aina zimetofautiana: kuna Joka, Moto, Maji, Ardhi, Anga, Mzimu na Mdudu, na hakuna hata mmoja anayepiga kinyonge. Pamoja na hayo mechi zinakwenda vilevile. Mpinzani anatega Stealth Rock (mtego wa mawe) zamu ya kwanza au ya pili, anaanza kuzungusha wachezaji wake, na kufikia zamu ya 15 huku wamebaki wawili, tena wako hoi.

Maswali matatu. Timu "yenye usawa" ni nini hasa, kama si kuwa na aina tofauti? Kati ya hawa sita nani abaki? Na zile EV za ajabu ajabu watu wanazoandika, mara 212, mara 44, zinatoka wapi?

Nawasilisha.

hesabu_kwanza

Kabla ya kusema nani abaki, piga hesabu ya mawe. Stealth Rock humkata kila anayeingia uwanjani kwa kuangalia anavyoumizwa na aina ya Mwamba. Wa kawaida hupoteza asilimia 12.5 ya uhai wake, dhaifu mara mbili 25, dhaifu mara nne 50, na anayestahimili 6.25. Kwa timu yako: Charizard 50, Volcarona 50, Dragonite 25, Gyarados 25, Dragapult 12.5, Garchomp 6.25. Kila mmoja akiingia mara moja tu, jumla ni asilimia 168.75. Pokémon mmoja mzima na zaidi ya nusu ya mwingine wameshakwenda na maji kabla mpinzani hajapiga pigo lolote.

Hapo hapo umevaa Choice tatu. Choice Band na Choice Specs huongeza nguvu mara 1.5, lakini zinakufunga kwenye mbinu uliyoichagua mpaka utoke. Ukipiga Earthquake akaingia mtu wa Anga, itabidi utoke. Ukitoka, anayeingia anakanyaga mawe. Mpinzani hana haja ya kukupiga, anakuchezesha tu, na mawe yanafanya kazi. Zamu zako 15 ndizo hizo.

Kuna jambo jingine dogo, na linaudhi kwa sababu kulirekebisha ni bure. Charizard mwenye IV 31 (pointi za kuzaliwa nazo, 31 ndiyo kikomo) na EV 0 kwenye uhai ana uhai 297. Nusu yake inashushwa kuwa 148, kwa hiyo akikanyaga mawe mara mbili anabaki na 1. Wewe umempa zile EV 4, uhai umekuwa 298, nusu ni 149 kamili, na mara ya pili anakufa mlangoni. Volcarona hali kadhalika: mwenye 311 anabaki na 1, mwenye 312 anakufa. Dragonite wako ana 324 na Gyarados 332, na namba zote mbili zinagawanyika kwa nne bila salio. Hawa (tukiacha Leftovers za Gyarados, zinazorudisha uhai kidogo kila zamu) wanakufa mara ya nne, wakati kwa 323 na 331 wangebaki na 3 kila mmoja. Umegawa EV 4 kwa watu wanne na zote zimemfaidi mpinzani. Zipeleke kwenye ulinzi.

Kuhusu aina: usihesabu aina ulizonazo, hesabu nani anaweza kuingia mbele ya pigo gani. Chora jedwali, wachezaji sita upande mmoja na aina 18 upande wa pili, kisha jaza. Barafu inamuumiza Dragonite mara nne, Garchomp mara nne, Dragapult mara mbili. Charizard na Gyarados wanaipokea kawaida, na anayeistahimili ni Volcarona peke yake. Fairi: majoka yako yote matatu yanaumia, wanaostahimili ni Charizard na Volcarona. Mwamba: ni Garchomp tu. Sasa angalia majina. Matatizo ya majoka yako wamekabidhiwa watu wawili wanaoacha nusu ya uhai wao mlangoni.

kiungo_mkabaji

Mkuu hapo juu amemaliza upande wa ugonjwa. Mimi niseme dawa.

Timu ina usawa pale kila tishio linapokuwa na mtu wa kuliingilia zaidi ya mara moja bila kufa, na papo hapo yupo mtu anayejulikana wa kufunga goli. Timu yako ina mastraika sita, haina beki wala kiungo. Kinyume chake kipo pia, mabeki sita wanaosubiri muujiza, na hao nao wanafungwa, ila wanachelewa.

Anza na mfungaji, mmoja tu. Ningembakiza Dragonite, ila si huyo wa Choice Band. Mpe Dragon Dance, Extreme Speed, Earthquake na Roost, kipaji Multiscale, kifaa Heavy-Duty Boots, Tera ya Kawaida (yaani katikati ya mechi anaweza kugeuka aina ya Kawaida). Vitu hivi vinategemeana. Multiscale inapunguza madhara kwa nusu iwapo uhai wake umejaa. Boots zinamfanya asiguswe na mawe, kwa hiyo anaingia akiwa amejaa. Roost inamrudishia nusu ya uhai akichubuka. Extreme Speed ina kipaumbele cha +2, na akishageuka Kawaida inapata bonasi ya mara 1.5, huku ule udhaifu wa Barafu mara nne ukifutika. Ukimvua Boots, mnyororo wote unakatika. Ndiyo maana hatakiwi kabisa kuingizwa mbele ya mtu mwenye Knock Off, mbinu inayopangusa kifaa.

Swali linalofuata: nani anamzuia? Corviknight (Chuma na Anga) haguswi na Earthquake na anastahimili Extreme Speed. Dondozo ana Unaware, kipaji kinachopuuza Dragon Dance zote ulizocheza. Mizimu haiguswi na Extreme Speed. Wazuiaji hao ndio wanaokuchagulia wenzake Dragonite.

Rotom-Wash anakuja kwa ajili ya Corviknight na Dondozo. Ni Umeme na Maji mwenye Levitate (haguswi na Ardhi), kwa hiyo ana udhaifu mmoja tu, Majani. Mpe Volt Switch, Hydro Pump, Will-O-Wisp (humuunguza mpinzani) na Pain Split (hugawana uhai na mpinzani), kifaa Leftovers. Volt Switch ndiyo inayomfanya kiungo: anapiga, anatoka, mwenzake anaingia zamu hiyo hiyo. Uzito wake, yaani kuchelewa kucheza, una faida. Akiwa wa mwisho kucheza anapokea pigo yeye, na anayemwingiza anafika mzima. Angalizo: Volt Switch haipiti mbele ya aina ya Ardhi, utabaki hapo hapo umeduwaa. Na Hydro Pump ina uhakika wa asilimia 80, maana yake mbili mfululizo ni 64 tu. Usipange mechi kwa kutegemea zote mbili ziingie.

Gholdengo anaziba matundu aliyoyataja mwenzangu. Chuma na Mzimu wanastahimili Barafu, Mwamba, Fairi na Joka. Kipaji chake, Good as Gold, kinamkinga na mbinu zote zisizo za kushambulia anazoelekezewa: Toxic, Will-O-Wisp, Thunder Wave. Hata Defog ya mpinzani (mbinu ya kuzoa mitego, kama Rapid Spin) inagonga mwamba akiwa uwanjani, na Rapid Spin haimpati kwa kuwa yeye ni Mzimu. Mawe yako yamepata mlinzi. Nasty Plot, Make It Rain, Shadow Ball, Recover.

Great Tusk (Ardhi na Mapigano) ndiye mzoaji wa mitego. Kwa nini Rapid Spin na si Defog? Defog inazoa mawe ya pande zote mbili, na yako yamo, tena inashindwa kabisa mbele ya Gholdengo wa mpinzani. Rapid Spin nayo inashindwa mbele ya Mizimu, lakini Great Tusk ana Knock Off na Headlong Rush, na zote mbili zinamuumiza Gholdengo vilivyo (Headlong Rush si kama kashika Air Balloon, kifaa kinachomwinua asiguswe na Ardhi). Anayekuja kukuzuia usizoe anaingia kwa gharama. Mbinu ya nne Ice Spinner, kwa ajili ya majoka na watu wa aina ya Gliscor.

Clodsire (Sumu na Ardhi) ni beki wa mashambulizi maalumu na ndiye anayetega mawe: Stealth Rock, Recover, Earthquake, Toxic, kipaji Unaware. Mpinzani aliyejipandisha kwa Nasty Plot au Calm Mind anaikuta nguvu yake imerudi palepale. Na kwa kuwa ni Sumu anayegusa ardhi, Toxic Spikes (mitego ya sumu) zikiwekwa upande wako, akiingia tu anazifuta. Recover kwenye kizazi hiki ina PP (idadi ya mara unazoweza kuitumia) 5, zikipandishwa zote ni 8. Usiibonyeze kwa mazoea kila akichubuka.

Dragapult abaki na Choice Specs zake: Draco Meteor, Shadow Ball, Flamethrower, U-turn. Yeye ni kasi ya timu. Choice moja kwenye timu inavumilika, hasa kwa mtu mwenye U-turn, kwa sababu anafungiwa kwenye mbinu inayomtoa.

Wanaoondoka ni Charizard, Volcarona, Gyarados na Garchomp. Si kwamba hawafai. Volcarona mwenye Boots ni mfungaji kamili, ila huyo anahitaji timu iliyojengwa kumzunguka yeye, na kabla ya hapo angalia orodha ya wanaoruhusiwa kwenye mtindo unaocheza, maana orodha hizo hubadilika. Garchomp anaweza kuchukua nafasi ya Clodsire na kutega mawe, lakini hapo utakuwa huna mtu wa kupokea mashambulizi maalumu.

mpigaji_mpya

Shukrani sana mkuu. Kwa nini mawe asipewe Great Tusk, tubaki na nafasi moja zaidi? Anaweza vyote viwili. Na bado lile swali la EV.

kiungo_mkabaji

Anaweza. Lakini Stealth Rock na Rapid Spin zikikaa pamoja zinabaki mbinu mbili, na ukichukua Headlong Rush na Knock Off, Ice Spinner imetoka. Hapo mpinzani mwenye Dragonite anajipandisha mbele yako kwa raha. Tatizo la pili ni zamu. Mwanzoni mwa mechi mawe yatakuwa pande zote mbili na mtu huyo huyo mmoja ndiye wa kutega na wa kuzoa. Akifa, umepoteza kazi mbili kwa mpigo. Mtu akipewa kazi tatu, mpinzani naye anajua wa kumlenga ni nani.

namba_ndogo

Nichukue la EV.

Kwa leveli 100, takwimu yoyote isiyo uhai ni (2 × msingi + IV + EV÷4 + 5) × tabia. Msingi ni takwimu ya asili ya kila Pokémon. Tabia ni 1.1 ikipandisha, 0.9 ikishusha, 1 isipogusa. Uhai ni 2 × msingi + IV + EV÷4 + 110. Desimali hukatwa, hazikaribishwi juu. Kikomo ni EV 510 kwa jumla na 252 kwa takwimu moja, na kila EV 4 ni pointi moja. Kwa hiyo zinazofanya kazi ni 508, pointi 127 za kugawa.

Sasa 212 na 44. Mchukue huyo Rotom-Wash. Msingi wake wa kasi ni 86, bila EV anapata 172 + 31 + 5 = 208. Mtu anayemsumbua ni Kingambit (Giza na Chuma), msingi wa kasi 50. Kingambit wa Adamant (tabia inayopandisha nguvu, haigusi kasi) aliyejazwa kasi yote ana 199, huyo tayari unampita. Wa Jolly (tabia inayopandisha kasi) ana 218. Ili Rotom afike 219 anahitaji pointi 11, yaani EV 44. Basi. Ya arobaini na tano haina kazi. Weka 252 kwenye uhai, 44 kwenye kasi, zinabaki 212, zipeleke kwenye ulinzi na tabia ya Bold, inayopandisha ulinzi. Uhai unakuwa 304, ulinzi 333, na Leftovers inamrudishia 19 kila zamu.

Faida yake uwanjani: Rotom anacheza kabla ya Kingambit, anampiga Will-O-Wisp, na Kingambit aliyeungua anapiga kwa nusu ya nguvu. Akijaribu kukuwahi kwa Sucker Punch inashindwa, kwa sababu mbinu hiyo inafanya kazi tu iwapo na wewe unashambulia zamu hiyo. Ukumbuke Will-O-Wisp ina uhakika wa asilimia 85.

Ukishaelewa hapo, 252 na 252 kwa kila mtu zinaonekana zilivyo. Clodsire anayepewa EV za kasi ni hasara tupu. Msingi wake ni 20, hampiti yeyote wa maana. Mpe 252 uhai, 252 ulinzi maalumu, 4 ulinzi, tabia Careful: uhai 464, ulinzi maalumu 328.

Great Tusk mpe 252 uhai, 252 kasi, 4 ulinzi, Jolly. Kasi 300. Tangu kizazi cha 8 Rapid Spin inampandisha anayeitumia ngazi moja ya kasi, kwa hiyo akishazungusha anafika 450 na kumpita hata Dragapult wa 421. Watu wengi wanasahau hilo, wanamtoa mara tu baada ya kuzoa mawe wakati ndiyo kwanza amekuwa mwepesi.

Gholdengo: Timid (hupandisha kasi), kasi 293, zilizobaki kwenye nguvu maalumu. Siku ukiamua kumvalisha Choice Scarf (kasi mara 1.5) badala ya Nasty Plot, Timid inampeleka 439. Ukimwacha Modest (hupandisha nguvu maalumu, si kasi), Scarf inafika 400 tu, na Dragapult anakuwahi. Scarf ya kumpita kila mtu isipokuwa yule uliyemkusudia haina maana.

tundu_moja

Samahani wakuu, jedwali la aina nimelijaza kwa hii timu mpya. Barafu: Dragonite mara nne, Great Tusk mara mbili, Dragapult mara mbili, Clodsire mara mbili. Wanne kati ya sita. Timu ya mwanzo ilikuwa na watatu! Wanaostahimili ni Gholdengo na Rotom, na Rotom si wa kutegemea kwa sababu Freeze-Dry inawaumiza watu wa Maji. Mtu kama Kyurem (Joka na Barafu) mwenye Freeze-Dry, Draco Meteor na Earth Power anaingiliwa na nani? Gholdengo anapokea Freeze-Dry na Draco Meteor, lakini Earth Power inamuumiza mara mbili.

Ningemweka Slowking wa Galar badala ya Clodsire. Ni Sumu na Akili, Barafu anaipokea kawaida, ana Assault Vest (kifaa cha kupandisha ulinzi maalumu), Regenerator inamrudishia theluthi ya uhai kila akitoka, na Toxic Spikes anazifuta vilevile.

kiungo_mkabaji

Tundu umeliona sawasawa, na Kyurem ndiye jina lake. Ila endelea kulijaza hilo jedwali ukiwa na Slowking. Giza na Mzimu zitawaumiza Gholdengo, Dragapult na Slowking, watu watatu. Giza anaistahimili Great Tusk peke yake, Mzimu hakuna hata mmoja mpaka Dragonite ageuke Tera. Umeziba Kyurem umemfungulia mlango Kingambit na kila mwenye Knock Off, na hao unakutana nao mara nyingi zaidi. Tena mawe yanarudi kwa Great Tusk, tuliyasema hapo juu.

Idadi ya wadhaifu peke yake inadanganya. Timu ya mwanzo ilikuwa na watatu, lakini anayestahimili alikuwa mmoja na alikuwa anakufa kwa mawe. Hii ina wanne na anayestahimili ni Gholdengo, anayepoteza asilimia 6.25 tu akiingia na ana Recover. Bado Kyurem ni tishio, sikatai. Njia ya kucheza naye ni kutompa mwingilio wa bure. Anaingia pale Clodsire anapobonyeza Recover au Rotom anapotoa Pain Split, basi hizo usizibonyeze akiwa bado benchi na mzima. Akishaingia, kasi yake ya juu kwa Timid bila Scarf ni 317. Dragapult ana 421, na Draco Meteor inamuumiza mara mbili. Unamwingiza Dragapult baada ya mtu kufa au kwa Volt Switch ya Rotom, si moja kwa moja mbele ya pigo. Na Gholdengo akiwa na Tera ya Maji, Moto anaistahimili, na Ardhi, Giza na Mzimu anazipokea kawaida. Udhaifu wake wote minne umefutika kwa mkupuo, lakini Freeze-Dry sasa inamuumiza, kwa hiyo mbele ya Kyurem usiguse hiyo Tera.

Ukikuta kwenye mtindo unaocheza kila mechi ya tatu ina Kyurem, hapo mwingize Slowking bila kusita. Vinginevyo Clodsire.

tundu_moja

Nimeelewa. Hoja ya Knock Off nakubali. Bado nadhani Clodsire anaumia kwa Psyshock, maana ni shambulizi maalumu linalopimwa kwa ulinzi wa kawaida, na wake ni msingi 60. Lakini sina mbadala usio na tundu jingine.

wawili_wawili

Niongeze kwa wanaocheza wawili dhidi ya wawili, kanuni za mashindano rasmi ya Scarlet na Violet, maana naona watu wanakopi timu za huku kwenda kule na zinachanika. Kule leveli ni 50, unasajili sita unaingiza wanne, na vifaa haviruhusiwi kujirudia. Mawe yanapungua thamani kwa sababu mechi ni fupi na mabadiliko ni machache. Badala yake kuna Protect (kujikinga zamu moja), Fake Out (kumpotezea mpinzani zamu), Intimidate (kipaji cha kuwashusha wapinzani nguvu), na vita vya kasi: Tailwind (kasi mara mbili) inadumu zamu 4, Trick Room (wazito wanacheza kwanza) zamu 5 ukihesabu ile uliyoiweka. Mbinu inayopiga wawili kwa pamoja hushuka hadi asilimia 75 ya nguvu. Earthquake inampiga na mwenzako. EV nazo zinahesabiwa tofauti: kwa leveli 50 na IV 31, pointi ya kwanza ni EV 4, kisha kila moja ni EV 8. Kwa hiyo gawanya kwa namba kama 4, 12, 20, 28. Ukiweka 8 umepoteza nne.

Clodsire mwenye Stealth Rock kule ni mtalii.

mpigaji_mpya

Nimeipanga kama mlivyosema, na Clodsire. Bado jambo moja: Dragonite awe Adamant au Jolly? Kila mahali naona Adamant kwa sababu ya Extreme Speed. Na nikipoteza nitajuaje tatizo ni timu au ni uchezaji?

namba_ndogo

Dragonite, msingi wa kasi 80. Adamant na EV 252 ana 259, Dragon Dance moja inampeleka 388. Jolly ana 284, Dragon Dance moja inampeleka 426. Dragapult ana 421. Tofauti ni pointi 5, na Dragapult ni Mzimu, Extreme Speed haimgusi, kwa hiyo ni lazima umpite kwa kasi ya kawaida ili Earthquake itoke kwanza. Kwenye timu hii Gholdengo naye anapishana vibaya na Shadow Ball ya Dragapult. Ningeenda Jolly.

Adamant ni sahihi iwapo una mtu mwingine wa kuaminika wa kumwondoa Dragapult mapema. Wewe una Dragapult wako tu, na hao wawili wakikutana wote 421, mshindi anaamuliwa kwa kurusha shilingi.

Kuhusu kujua kosa liko wapi: hifadhi marudio ya mechi ulizopoteza, na kwa kila moja andika jina moja tu, la Pokémon wa mpinzani aliyeua wawili au zaidi. Cheza 20 hivi. Jina likijirudia mara tano au sita, hilo ni tundu la timu. Majina yakiwa tofauti tofauti, timu iache ilivyo, angalia zamu ulizobadilisha bila sababu. Na ukibadilisha, badilisha mtu mmoja, au hata mbinu moja, kisha urudie 20. Ukitoa watatu kwa pamoja hutajua ni yupi aliyeleta nafuu.

Halafu zile EV 4 za Dragonite zipeleke kwenye ulinzi, uhai ubaki 323. Siku akipanguswa Boots zake utaona kazi yake.